Kutembea msituni na kurudi kijijini: Zao lisilopimwa kwa kilo

MKULIMA wa chai katika milima ya Usambara anaijua vizuri hesabu ya kilo. Jani likichumwa leo, lazima lifike kiwandani leo. Likichelewa linanyauka na kupoteza ubora, na likikosa kiwanda halina kazi nyingine. Haliwekwi ghalani kama mahindi kusubiri bei, wala halipelekwi sokoni kama mkungu wa ndizi.

Somo hilo limewahi kutolewa kwa gharama kubwa katika milima hiyo hiyo. Mwaka 2013 kiwanda cha chai cha Mponde, katika eneo la Bumbuli, kilifungwa kutokana na mgogoro uliowahusisha wakulima na uendeshaji wake. Kilikaa miaka mingi bila kusindika, na wakulima wadogo waliokitegemea wakabaki wakitazama mashamba yao yakigeuka vichaka.

Kata ya Dindira, wilayani Korogwe, iko kwenye barabara ya milimani inayotoka Soni, kupitia Bumbuli, hadi Korogwe. Huko nako chai ni sehemu ya maisha. Lakini milima hiyo ina mali nyingine ambayo ni nadra kuingizwa kwenye hesabu za kaya: vipande vya msitu wa asili vilivyobaki juu na kando ya mashamba. Mtu anaweza kuingia humo asubuhi, akatembea taratibu kivulini, akavuka kijito, na kurudi pale pale alipoanzia kabla ya chakula cha mchana.

Swali ni je, matembezi mafupi ya namna hiyo yanaweza kuwa biashara ya kijiji? Na kama yanaweza, fedha yake itaishia mfukoni mwa nani?

Kwa mwenyeji, kumtoza mtu fedha ili atembee kunaonekana kama mzaha. Akina mama wa milimani hutembea umbali huo na zaidi wakiwa na mzigo wa kuni kichwani, wala hakuna anayewapa shilingi. Hata hivyo, uzoefu wa kwingineko unaonyesha kwamba biashara ipo, ingawa haiko pale wengi wanapoitafuta.

Kijiji cha Ufaransa kinauza nini?

Ufaransa ni nchi ya kujifunza katika jambo hili, kwa sababu huko hata kijiji kidogo cha wakulima huwa na njia yake ya kuzunguka msituni. Anayetajwa kama mwanzilishi ni askari mstaafu wa Napoleon, Claude-François Denecourt. Katika miaka ya 1840 alianza kuchonga njia za miguu katika msitu wa Fontainebleau, karibu na Paris, na kuzitia alama za rangi ya buluu ili mgeni asipotee.

Denecourt alitumia fedha zake mwenyewe. Alichouza hakikuwa njia, bali vitabu vya kuwaongoza wageni. Reli kutoka Paris ilipofika Fontainebleau mwaka 1849, wageni waliongezeka na vitabu vikapata wanunuzi.

Karne moja baadaye, mwaka 1947, wapenzi wa matembezi nchini humo waliunda kamati ya kitaifa ya njia za miguu, ambayo leo ni shirikisho la michezo lenye maelfu ya watu wanaojitolea kupaka alama. Ufaransa sasa ina zaidi ya kilomita 180,000 za njia zilizotiwa alama. Njia ndefu zinazokatisha nchi zina alama nyeupe na nyekundu. Zile fupi za kuzunguka kijiji, ambazo mtu huzimaliza kwa saa chache, zina alama ya njano.

Hakuna kizuizi wala tiketi kwenye njia hizo za njano. Mgeni anaegesha gari karibu na kanisa au ofisi ya kijiji, anafuata alama ya njano, anapita msituni na kando ya mashamba, na baada ya saa mbili au tatu yuko tena pale alipoegesha. Amechoka kidogo, ana njaa, na mbele yake kuna duka la mkate, mgahawa, na mkulima anayeuza jibini au asali.

Hapo ndipo fedha inapotoka. Mwaka 1955 liliundwa pia shirikisho la Gîtes de France, lililowasaidia watu wa vijijini kukarabati nyumba zao za zamani na kupangisha wageni. Lengo lilikuwa kumwongezea mkulima kipato ili asihame kijiji. Njia ya miguu ilikuwa chambo. Ndoano ilikuwa kitanda, chakula na bidhaa za shamba.

Mfano wa karibu: Irente na Amani

Mkulima wa Dindira hana haja ya kwenda Ufaransa kuuona mpango huo. Katika Usambara Magharibi hiyo hiyo, matembezi ya kutoka mjini Lushoto hadi mahali pa kutazamia bonde pale Irente yanajulikana na wageni kwa miaka mingi. Ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu, na mwisho wake mtu anasimama juu ya mwamba akitazama nyika ikitanda chini hadi upeo wa macho.

Karibu na hapo kuna shamba la Irente, linalomilikiwa na Kanisa la Kilutheri. Shamba hilo linauza jibini, mkate, jemu na chakula cha mchana kwa wanaopita. Kwa lugha ya uchumi, maziwa ambayo yangeuzwa kwa lita yanageuzwa jibini, na jibini inauzwa kwa mtu aliyefika mlangoni mwenyewe. Hakuna gharama ya usafiri wala dalali, na hakuna kusubiri malipo hadi mwisho wa mwezi.

Lushoto ilianza utalii wa utamaduni katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, likishirikiana na Bodi ya Utalii Tanzania. Vijana wa mjini na vijijini walifundishwa kuongoza wageni kwa matembezi ya nusu siku hadi ya siku kadhaa. Sehemu ya mapato ilipangwa kwenda kwenye shughuli za jamii.

Upande wa pili wa bonde la mto Lwengera, katika Usambara Mashariki, kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Hifadhi hiyo ina njia kadhaa za miguu, na nyumba ya zamani ya stesheni ya reli ya Wajerumani pale Sigi iligeuzwa kituo cha kupokea wageni. Reli hiyo ilijengwa kusomba magogo kutoka milimani. Leo jengo lake linapokea watu wanaolipa ili waione miti ikiwa imesimama.

Kaskazini mwa Dindira uko pia msitu wa Mazumbai, wenye ukubwa wa takriban hekta 320, kati ya mita 1,300 na 1,900 juu ya usawa wa bahari. Familia ya Tanner, iliyokuwa na shamba la chai hapo, iliutunza na kuukabidhi kwa chuo kikuu mwaka 1968, na sasa uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanasayansi huuhesabu miongoni mwa misitu ya Usambara iliyohifadhika vizuri zaidi. Mwenye shamba la chai, ambaye angeweza kuufyeka na kupanda chai zaidi, aliona faida ya kuuacha.

Kwa nini njia izunguke?

Tofauti ya njia inayozunguka na njia inayopita ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Safari ya siku tatu au nne kutoka Lushoto hadi vijiji vya mbali ni nzuri kwa mtembeaji hodari, lakini vijiji vingi vya katikati huonwa kwa nusu saa tu. Mgeni anapiga picha, anasalimia watoto na kupita. Fedha kubwa imeshalipwa mjini alikoanzia.

Njia ya mzunguko humrudisha mgeni. Anapoondoka asubuhi anaweza kuagiza chakula, na mama lishe anajua idadi ya sahani kabla hajawasha moto. Mgeni anaacha mzigo wake, na bodaboda aliyemleta anajua saa ya kumfuata. Akiona asali au iliki asubuhi hainunui kwa kuwa hataki kubeba mzigo, lakini akirudi mchana ananunua. Kila mmoja hupata nafasi mbili za kuuza badala ya moja.

Urahisi wa njia nao una thamani. Njia ngumu ya kupanda kilele huwapata vijana wachache wenye viatu vya kazi hiyo. Njia nyepesi ya kilomita tano au sita inawafaa familia kutoka Tanga na Dar es Salaam, wanafunzi wa shule na vyuo vya Korogwe, wafanyakazi walio kwenye semina, na hata wazee. Soko la ndani halihitaji wakala wa Ulaya. Kinachohitajika ni uhakika kwamba mgeni atarudi salama, atakula, na atapata choo kisafi.

Kinachoonekana njiani

Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Misitu yake imepata unyevu wa Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, na kwa sababu hiyo ina mimea na viumbe wasiopatikana penginepo duniani.

Kwa mgeni anayetembea taratibu kuna mengi ya kuona. Iko miti kama mnyasa, mshai na mkulo. Wako mbega weupe kwa weusi wanaoruka juu ya matawi, na vinyonga wa aina mbalimbali, wakiwamo wenye pembe tatu. Viko vijito vinavyoanzia chini ya mizizi na kuishia kwenye bonde la mto Pangani, ambao unaendesha mitambo ya umeme ya Hale, iliyojengwa mwaka 1964 ikiwa na uwezo wa megawati 21, na ya New Pangani Falls ya mwaka 1995 yenye megawati 68.

Liko pia ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli, na historia yake inamhusu kila mwanakijiji anayefikiria biashara hii. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani mkoani Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hilo na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata lilipewa jina la kitaalamu kwa heshima ya ukoo wao. Kutoka hapo likawa miongoni mwa maua ya ndani ya nyumba yanayouzwa sana Ulaya na Marekani. Wajerumani huliita ua la Usambara hadi leo.

Biashara hiyo imekuwapo kwa zaidi ya miaka 100. Wafugaji wa maua wameneemeka, wenye mabustani wameneemeka, na maduka yameneemeka. Milima ilikotoka imebaki na jina tu. Mgeni alitembea msituni, akachukua alichokipenda, akaenda nacho, na hapakuwa na utaratibu wowote wa kufanya sehemu ya thamani ibaki.

Hilo ndilo jambo la kuzuia safari hii. Mgeni aondoke na kumbukumbu, picha na bidhaa alizolipia. Asiondoke na mmea wala mnyama. Vinyonga wa Usambara wamewahi kuuzwa nje kwa wingi, na Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Kijana anayemkamatia mgeni kinyonga kwa shilingi elfu chache anauza mtaji wa kijiji kizima.

Hesabu kabla ya jembe

Kabla ya kufyeka kijia chochote, wanakijiji wanapaswa kukaa na kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kupigia hesabu tu, wala si bei ya soko. Kila kijiji kiweke zake.

Masika ya Machi hadi Mei na mvua za vuli hufanya njia za milimani kuteleza. Chukua basi miezi mikavu, yaani Juni hadi Septemba na Januari hadi Februari, ambayo ni kama wiki 25. Wakija wageni 12 kwa wiki, kwa mwaka watakuwa 300.

Tuseme kila mgeni analipa Sh20,000. Kati ya hizo, mwongozaji anapata Sh5,000, chakula Sh8,000, mfuko wa kijiji Sh3,000, matengenezo ya njia Sh2,000, na usimamizi pamoja na vitabu vya stakabadhi Sh2,000. Kwa wageni 300, jumla ni Sh6 milioni. Waongozaji watapata Sh1.5 milioni, akina mama wa chakula Sh2.4 milioni kabla ya kutoa gharama, mfuko wa kijiji Sh900,000, matengenezo Sh600,000 na usimamizi Sh600,000.

Kila mgeni akinunua bidhaa za Sh5,000, iwe asali, ndizi, viungo au kikapu, inaongezeka Sh1.5 milioni. Fedha hiyo ndiyo inayosambaa zaidi, kwa sababu inakwenda moja kwa moja kwa kaya zinazozalisha.

Upande wa gharama, tuseme vibao, rangi, madaraja madogo ya miti, choo na mafunzo ya huduma ya kwanza vinahitaji Sh2.7 milioni. Mfuko wa kijiji ukirudisha Sh900,000 kila mwaka, mtaji utarudi kwa miaka mitatu. Wageni wakiwa 100 badala ya 300, mfuko utapata Sh300,000 tu kwa mwaka, na mtaji huo utarudi kwa miaka tisa. Hapo vibao vitakuwa vimeoza kabla deni halijaisha.

Kwa hiyo uamuzi wa busara ni kuanza na kidogo. Njia iliyopo tayari isafishwe, alama zipakwe kwa rangi ya bei nafuu, wageni wa mwaka wa kwanza wahesabiwe kweli kweli, na ujenzi mkubwa usubiri. Mkopo usichukuliwe kwa matumaini ya wageni ambao hawajawahi kuonekana.

Aidha, hesabu hiyo inaonyesha wazi kwamba njia ya miguu haiwezi kuchukua nafasi ya shamba. Sh6 milioni zikigawanywa kwa kijiji kizima ni fedha ya kununulia kitoweo. Ugali bado utatoka shambani. Anayeng'oa chai au kuacha maharage ili asubiri watalii atajuta. Faida yake kubwa ni kwamba fedha hii inakuja miezi tofauti, kwa watu tofauti, na haitegemei kiwanda kimoja.

Kujenga njia ni kama kupiga matuta

Ujuzi wa kutengeneza njia nyepesi upo tayari Usambara. Katika miaka ya 1980, mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP uliosaidiwa na Ujerumani uliwafundisha wakulima wa Lushoto kupima mteremko na kupanda majani ya guatemala kwa kufuata kontua. Kanuni ni zile zile. Njia inayoshuka moja kwa moja hugeuka mfereji baada ya masika mawili. Njia inayofuata ubavu wa mlima kwa mwinuko mdogo hudumu, na mtembeaji hachoki.

Kipimo kizuri ni kwamba kila hatua kumi za kwenda mbele, njia isipande zaidi ya hatua moja. Penye mteremko mkali njia izungushwe badala ya kukata. Kila baada ya umbali fulani uchimbwe mtaro mdogo wa kukinga maji na kuyatoa pembeni. Upana wa mita moja unatosha. Msituni mti usikatwe kwa ajili ya njia. Njia ndiyo ikwepe mti.

Alama ziwe za rangi moja, zipakwe juu ya mawe au vigingi, na zionekane kutoka pande zote mbili. Misumari isipigiliwe kwenye miti. Kila njia panda iwe na alama, kwani mgeni hapotei kwenye njia iliyonyooka bali pale zinapogawanyika.

Muda utakaoandikwa kwenye kibao usipimwe na kijana anayekimbia mlimani kila siku. Apelekwe bibi mwenye miaka 60 na mtoto wa darasa la tatu. Muda watakaotumia wao, pamoja na kupumzika, ndio muda wa kweli wa njia nyepesi.

Ruhusa kwanza

Kosa ambalo huua miradi ya namna hii ni kudhani kwamba msitu ni wa wote. Njia moja ya kilomita tano milimani inaweza kupita kwenye ardhi ya wenyewe wanne: kijiji, mashamba ya watu binafsi, shamba kubwa la chai, na hifadhi ya serikali. Kila mmoja lazima akubali, na kwa maandishi.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu ndani ya ardhi ya kijiji na kunufaika na mapato yake. Lakini msitu ulio chini ya serikali unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) au halmashauri, na kuingia humo kuna utaratibu na ada zake. Ada hiyo ikisahaulika kwenye hesabu, faida yote inaweza kumezwa. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 nayo inataka wanaofanya biashara ya kuongoza watalii wawe na leseni. Ofisi ya halmashauri ndiyo mahali pa kuanzia.

Mwenye shamba binafsi ana hoja zake. Anapopiga dawa kwenye mboga, watu wasipite, hivyo lazima kuwe na njia ya kutoa taarifa na kufunga kipande hicho kwa siku zinazotakiwa. Akipoteza mstari wa maharage kwa sababu ya njia, alipwe. Wachumaji wa chai nao ni watu walio kazini. Mgeni aombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha.

Yapo pia maeneo ya matambiko na makaburi ya wazee. Njia isipite hapo bila idhini ya wenye ukoo, hata kama ndipo penye mti mkubwa kuliko yote. Ni vema wazee washirikishwe tangu siku ya kwanza ya kuipima njia, si siku ya uzinduzi.

Fedha na macho ya wengi

Njia nzuri na wageni wengi havitasaidia kama fedha haionekani. Kila mgeni apewe stakabadhi yenye namba. Mtu anayepokea fedha asiwe huyo huyo anayeitunza benki. Taarifa ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na kusomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu: wageni wangapi, mapato kiasi gani, nani kalipwa, kilichobaki kiko wapi.

Zamu za waongozaji na za akina mama wa chakula ziandikwe. Bila zamu, vijana watatu wanaojua Kiingereza watachukua kila mgeni, na wengine watarudi kwenye kazi inayolipa papo hapo, yaani kupasua mbao. Hatari hii haifai kupuuzwa. Kijia kinachomwingiza mtalii msituni kinamwingiza na mwenye msumeno. Kitakachomzuia ni kaya nyingi kuwa na sababu ya kumkataza.

Ndiyo maana mgawo wa fedha ni suala la uhifadhi pia. Mti wa mkulo ukiangushwa, anayeuza mbao hulipwa mara moja na kijiji hupoteza kivuli, chemchemi na kitu cha kumwonyesha mgeni. Ukisimama, malipo ni madogo lakini hurudi kila msimu. Mwanakijiji ataamini hesabu hiyo pale tu atakapoiona sehemu yake mwenyewe ikifika mkononi.

Kwa wakazi wa Dindira na vijiji jirani vya milima ya Korogwe, kazi ya kwanza haihitaji mfadhili. Wajumbe wachache wa halmashauri ya kijiji, wazee, wenye mashamba, bibi mmoja na mtoto mmoja waitembee njia wanayoifikiria kuanzia ofisini hadi ofisini, wakiandika muda, sehemu zinazoteleza, na jina la mwenye kila kipande cha ardhi. Karatasi hiyo ipelekwe kwenye mkutano mkuu ujao, kabla mtu yeyote hajanunua kopo la rangi.